Kiwanja cha ufukweni

Kiwanja cha ufukweni (pia: kiwanja cha pwani, nchini Kenya pia ploti ya ufuoni, katika lugha ya mtaani bichi ploti) ni kipande cha ardhi ambacho upande wake mmoja unaelekea bahari bila kutanguliwa na kiwanja cha mtu mwingine. Jina hilo hutumika hasa katika mwambao wa Tanzania na Kenya pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu. Ardhi ya namna hiyo hutafutwa kwa ajili ya hoteli, nyumba za kupangisha wageni na makazi ya watu wenye uwezo.

Licha ya jina lake, kiwanja cha ufukweni kwa kawaida hakina ufukwe ndani yake. Mchanga ambao bahari huufunika na kuufunua kila siku si mali ya mtu binafsi katika nchi hizo. Kinachouzwa, kukodishwa au kurithiwa ni ardhi iliyo nyuma ya mchanga huo, na mara nyingi hata sehemu ya ardhi hiyo ina masharti yanayozuia ujenzi. Tofauti hiyo ndogo kati ya "ufukwe" na "ufukweni" imekuwa chanzo cha migogoro mingi kati ya wenye viwanja, wavuvi, wakulima wa mwani na serikali.

## Jina

Jina limejengwa kwa maneno mawili. Kiwanja ni udogo wa neno uwanja, yaani mahali peupe palipo wazi. Katika lugha ya leo humaanisha hasa eneo lililotengwa kwa ajili ya kujenga, na pia mahali pa kuchezea au pa kutulia ndege. Ufukwe (wingi: fukwe) ni ukanda wa mchanga kando ya bahari au ziwa. Kamusi huonyesha pia maumbo ufuko (wingi: fuko) na ufuo (wingi: fuo). Umbo ufuo hutumika zaidi Kenya, hasa katika vitabu vya shule na vyombo vya habari, wakati ufukwe umezoeleka zaidi Tanzania.

Kiambishi -ni cha mwishoni ndicho chenye utata. Katika Kiswahili kiambishi hicho hutaja mahali kwa jumla: juu ya kitu, ndani yake, kando yake au kuelekea kwake. "Kitabu kiko mezani" humaanisha kiko juu ya meza. "Samaki wako mtoni" humaanisha wamo ndani ya mto. Lakini "shamba la mtoni" ni shamba lililo kando ya mto, wala hakuna anayedhani kwamba linalimwa ndani ya maji. Vivyo hivyo "kiwanja cha ufukweni" ni kiwanja kilicho kando ya ufukwe. Kama kingekuwa na mchanga wenyewe, kingestahili kuitwa "kiwanja cha ufukwe", na jina hilo halitumiki.

Majina mengi ya mahali katika mwambao yana kiambishi hichohicho, na mengi hutaja kazi au hali ya mahali, si mwenyewe wa mahali. Forodhani mjini Zanzibar ni mahali pa forodha, yaani palipotozwa ushuru wa bidhaa. Kivukoni mjini Dar es Salaam ni mahali pa kuvukia. Kilindini mjini Mombasa ni penye kilindi, yaani maji ya kina kirefu yanayofaa kwa meli.

## Maneno ya karibu

Maneno kadhaa hutumika kana kwamba yana maana moja na ufukwe, lakini hutofautiana:

* Pwani ni neno pana kuliko ufukwe. Lina uhusiano na kitenzi kupwa, yaani maji ya bahari kupungua. Kwa maana finyu ni sehemu inayoachwa wazi maji yanapopwa. Kwa maana pana ni nchi yote iliyo karibu na bahari, kama katika Mkoa wa Pwani nchini Tanzania au eneo la Pwani nchini Kenya.
* Mwambao unatokana na kuambaa, yaani kupita kandokando ya kitu. Ni nchi ya kando ya bahari inapotazamwa kwa urefu wake, kama anavyoiona nahodha anayeambaa nayo.
* Mrima ni jina la kale la mwambao wa bara unaokabili Unguja, Pemba na Mafia.
* Diko (wingi: madiko) ni mahali wavuvi wanapotia nanga, wanapopandisha vyombo na kuuzia samaki. Katika maziwa mahali hapo huitwa mwalo (wingi: mialo).
* Bandari ni mahali pa kufikia meli na majahazi, penye shughuli za kupakia na kupakua.
* Mwamba na jabali hutaja ukingo wa mawe. Kiwanja kilicho juu ya mwamba kinaweza kuelekea bahari bila kuwa na mchanga wowote mbele yake, na bado wauzaji hukiita cha ufukweni.

Hata jina la lugha yenyewe linatoka kando ya bahari, kwa kuwa "Swahili" lina asili katika neno la Kiarabu sawahil, wingi wa sahil, maana yake pwani.

## Mpaka unaosogea

Kiwanja cha kawaida huwa na mawe ya mpaka, maarufu kama bikoni, pande zake zote. Kiwanja cha ufukweni kina upande mmoja ambao jirani yake ni bahari, na jirani huyo hakai mahali pamoja.

Katika Afrika ya Mashariki bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili karibu kila siku. Kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kunakofuata hupita wastani wa saa 12 na dakika 25, na ndiyo maana saa za maji husogea mbele kila siku. Wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu huwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu huwa maji mafu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupungua. Wakati wa bamvua, katika sehemu nyingi kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, tofauti ya kimo kati ya maji makuu na maji madogo hupita mita 3.

Mita 3 za kimo zinaweza kuwa umbali mkubwa ardhini. Mahali ambapo ufukwe huinuka mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo, kimo cha mita 3 ni sawa na ukanda wa mita 60 unaofunikwa na kufunuliwa na maji. Mahali palipo tambarare zaidi, kama Paje na Jambiani katika mashariki ya Unguja, maji yanapopwa huacha eneo kubwa wazi kuelekea mwambani, na watu huweza kutembea mbali kwa miguu. Ndiyo sababu neno "bahari inapoanzia" halitoshi katika hati ya ardhi. Sheria nyingi hutumia alama ya maji kujaa, yaani mstari unaofikiwa na maji yanapojaa, kuwa mwanzo wa vipimo.

Majira nayo hubadilisha ufukwe. Upepo wa kusi, unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, huleta mawimbi kutoka pande tofauti. Mawimbi hayo huhamisha mchanga kando ya pwani. Ufukwe unaoonekana mpana wakati wa kaskazi unaweza kuwa mwembamba wakati wa kusi, na kinyume chake, bila mtu yeyote kuchota mchanga.

## Historia

### Kabla ya ukoloni

Watu wa mwambao walijenga karibu na bahari tangu zamani. Huko Kilwa Kisiwani jumba la Husuni Kubwa lilijengwa katika karne ya 14 juu ya ukingo unaotazama bahari. Mjini Zanzibar masultani walijenga majumba yao yakiikabili bandari. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash. Majumba hayo yalikuwa alama ya enzi na biashara. Ufukwe wenyewe ulikuwa mahali pa kazi: pa kupandisha ngalawa na mitumbwi, kukarabati majahazi, kuanika samaki na kupita kutoka kijiji kimoja hadi kingine.

Katika vijiji vingi ardhi yenye thamani ilikuwa ile yenye rutuba. Katika mashariki ya Unguja kuna eneo kubwa la mawe ya matumbawe yenye udongo haba, linalojulikana kama maweni. Mikarafuu haistawi humo, kwa hiyo mashamba makubwa ya karafuu ya karne ya 19 yalikuwa upande wa magharibi na kaskazini mwa kisiwa pamoja na Pemba. Wenyeji wa maweni waliishi kwa uvuvi, kilimo cha kuhamahama, kukata kuni na kuchoma chokaa. Ardhi hiyo iliyodharauliwa ndiyo leo inayotafutwa na wawekezaji wa hoteli.

Jambo lingine la kale ni kutenganisha ardhi na kilicho juu yake. Mtu aliweza kumiliki minazi bila kumiliki ardhi iliyoiotesha. Mjini Mombasa kumekuwa na desturi ya "nyumba bila ardhi", ambapo mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya mahali. Desturi hizo hufanya swali la "kiwanja hiki ni cha nani?" kuwa na majibu zaidi ya moja katika sehemu nyingi za pwani.

### Wakati wa ukoloni

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuutambua ukanda wa mwambao wenye upana wa maili 10 kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1890 Ujerumani ilikubali kulipa mark milioni 4 ili kuichukua sehemu iliyokuwa mbele ya koloni lake, yaani pwani ya Tanzania Bara ya leo. Sehemu ya Kenya ilibaki kwa jina kuwa ya Sultani, ikitawaliwa na Waingereza kama nchi lindwa, hadi makubaliano ya Oktoba 1963 yalipoiunganisha na Kenya iliyokuwa inakaribia uhuru.

Katika ukanda huo wa Kenya, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wapeleke madai yao yaandikishwe. Waliofanikiwa kuthibitisha madai yao walipata hati za umilikaji wa kudumu. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wengi waliokuwa wakitumia ardhi kwa desturi, wakiwemo Wamijikenda na watu wengine wa vijijini, hawakuandikishwa. Vizazi vyao viliitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa, na suala hilo limebaki kuwa nyeti katika siasa za Pwani ya Kenya hadi leo.

### Baada ya uhuru

Nchini Tanganyika umilikaji wa ardhi wa kudumu uliofanywa wakati wa ukoloni ulibadilishwa mwaka 1963 kuwa upangaji kutoka kwa serikali. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilifanywa mali ya serikali na familia nyingi ziligawiwa eka tatu tatu. Kenya iliendelea kutambua hati za umilikaji wa kudumu kwa raia wake.

Utalii ulikua kwanza Kenya, katika sehemu kama Diani, Bamburi, Watamu na Malindi, kisha Zanzibar kuanzia miaka ya 1980 na 1990, katika vijiji kama Nungwi, Kiwengwa na Paje. Kukua huko kulileta matumizi mapya ya neno ufukwe. Kabla ya hapo mtu alikwenda ufukweni. Sasa aliweza pia kununua "ya ufukweni".

## Sheria

### Tanzania Bara

Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa hati ya muda usiozidi miaka 99, au kwa haki ya kimila katika ardhi ya kijiji. Asiye raia hawezi kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa mto au wa ziwa miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia, ndani ya mita 60, shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi ya fukwe na kingo hizo. Kwa hiyo kiwanja kinaweza kuwa na hati halali na bado mwenyewe asiruhusiwe kujenga katika sehemu yake ya mbele, ambayo ndiyo iliyomvutia kukitafuta.

### Zanzibar

Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano. Chini ya Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya asili ni ya umma, na Mzanzibari anaweza kupewa haki ya kuitumia. Mgeni hukodishwa ardhi na serikali kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo tangazo linalosema kwamba kiwanja cha ufukweni Zanzibar "kinauzwa" kwa mgeni halielezi mambo kwa usahihi: kinachopatikana ni mkataba wa kukodi wenye mwanzo na mwisho.

### Kenya

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Serikali ya taifa huishika kwa niaba ya wananchi, na Tume ya Taifa ya Ardhi huisimamia. Ibara ya 65 inasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Kanuni za upimaji za Kenya zinataka kwamba, ardhi ya serikali iliyo pwani inapopimwa ili igawiwe, ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa utengwe kwa kawaida kwa matumizi ya serikali, ingawa upana mdogo zaidi unaweza kuruhusiwa. Viwanja vilivyopimwa kabla ya kanuni hizo vina mipaka ya namna mbalimbali, na vingine hufika karibu sana na maji.

Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Ardhi ya Kenya inaihesabu ardhi iliyo katika safu ya kwanza na ya pili kutoka alama ya maji kujaa ya Bahari Hindi kuwa ardhi inayodhibitiwa. Asiye raia, au kampuni yenye wanahisa wasio raia, haiwezi kuipata bila idhini ya waziri anayehusika. Hivyo maneno "safu ya kwanza" na "safu ya pili", yaliyokuwa ya madalali, yameingia katika lugha ya sheria.

### Sehemu nyingine

Wazo kwamba ufukwe ni wa wote ni la kale. Sheria ya Roma iliyokusanywa wakati wa Kaisari Justiniani katika karne ya 6 iliihesabu bahari na fukwe zake, pamoja na hewa na maji yanayotiririka, kuwa vitu vya watu wote. Nchini Uingereza sehemu inayofunikwa na maji kujaa huhesabiwa kwa kawaida kuwa ya Taji. Msumbiji, ambayo mwambao wake wa kaskazini una wasemaji wa Kiswahili na wa Kimwani, sheria ya ardhi ya mwaka 1997 ililinda ukanda wa mita 100 kutoka alama ya maji kujaa.

## Njia na madiko

Ufukwe ukiwa wa umma lakini viwanja vya nyuma yake vyote vikiwa vya watu binafsi, linabaki swali moja: mwananchi atapita wapi kuufikia? Sheria ikimpa mtu haki ya kukaa mchangani lakini ukuta ukamzuia kufika, haki hiyo huwa ya maandishi tu.

Wanaoguswa zaidi si watalii. Mvuvi huhitaji njia ya kubebea mashine ya boti, nyavu na samaki, na mahali pa kupandishia chombo juu ya mstari wa bamvua. Mahali hapo hapachaguliwi ovyo: huwa pana mlango katika mwamba wa nje, kina cha kufaa na kinga ya upepo. Diko likihamishwa mita mia chache tu, huenda chombo kikashindwa kutoka maji yakipwa. Wanawake wanaotafuta pweza na chaza hufuata maji yanapopwa, ambayo huweza kuwa alfajiri au jioni. Wakulima wa mwani, ambao Zanzibar wengi wao ni wanawake na ambao kilimo chao cha biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, huhitaji njia ya kubebea magunia mazito na eneo la kuanikia. Wengine hupita kwenda kuzuru makaburi ya wazee wao au kuswali katika misikiti ya kale iliyobaki karibu na pwani.

Kwa sababu hiyo ramani za mipango miji huonyesha njia za umma kati ya kiwanja na kiwanja. Migogoro hutokea njia hizo zinapofungwa kwa geti, zinapomezwa na kiwanja cha jirani, au zinapokuwa zilizoea kupitwa kwa desturi bila kuandikwa katika ramani yoyote. Njia ya desturi ndiyo rahisi zaidi kupotea, kwani mpimaji asipoonyeshwa na wenyeji huiona kama uchochoro tu kati ya minazi. Mara nyingine kuta za kuzuia mawimbi hujengwa mbele mno, na maji yakijaa hakuna mchanga wa kupitia mbele yake. Hapo ufukwe hukatika ingawa hakuna aliyeufunga kwa geti.

## Lugha ya matangazo

Madalali na wauzaji wamejenga msamiati wao, nao una maana zinazotofautiana kwa thamani na kwa sheria:

* Safu ya kwanza: hakuna kiwanja kingine kati yake na bahari. Barabara au ukanda wa hifadhi unaweza kuwepo.
* Safu ya pili: kiko nyuma ya safu ya kwanza. Kufika baharini hutegemea njia ya umma.
* Ufukweni kabisa: kwa kawaida ni safu ya kwanza, lakini si neno la sheria na halitaji umbali kutoka alama ya maji kujaa.
* Chenye kuona bahari: bahari inaonekana kwa sasa. Jirani akijenga ghorofa, mandhari hiyo inaweza kutoweka.
* Hatua chache kutoka ufukweni: umbali haukutajwa, wala haijasemwa kama njia ipo.
* Chenye ufukwe binafsi: maneno haya hayapatani na sheria pale ambapo mchanga wa kati ya maji kujaa na kupwa ni wa umma. Kinachoweza kuwa binafsi ni njia au bustani iliyo ndani ya kiwanja.

Vitu vinavyofafanua kiwanja kwa uhakika ni ramani ya upimaji iliyosajiliwa, hati na masharti yake, umbali uliopimwa kutoka alama ya maji kujaa, na ushahidi wa majirani na viongozi wa kijiji au mtaa kuhusu njia, makaburi na madiko. Utafutaji katika ofisi ya msajili huonyesha jina la mwenye hati. Hauonyeshi njia ya wavuvi.

## Hatari za asili

Bahari huweza kula kiwanja. Katika pwani ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, mmomonyoko uliharibu hoteli na majengo mengine katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kisiwa cha Maziwe karibu na Pangani, kilichowahi kuwa na miti na viota vya kasa, kimekuwa fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa.

Sababu huwa zaidi ya moja. Kuchimba mchanga katika mito hupunguza mchanga unaofika baharini. Kuvunja matumbawe kwa baruti huondoa ukuta wa asili unaopunguza nguvu za mawimbi. Kukata mikoko huacha udongo bila kushikwa na mizizi. Kupanda kwa usawa wa bahari huongeza uzito wa mambo hayo yote. Ukuta unaojengwa na mwenye kiwanja mmoja unaweza kuokoa nyumba yake huku ukiongeza mmomonyoko katika kiwanja cha jirani, kwa kuwa nguvu ya wimbi haipotei bali huelekezwa kwingine.

Kuna pia hatari zisizoonekana upesi. Hewa ya chumvi hula nondo, mabati na nyaya. Visima vikipampwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia chini ya ardhi na maji ya kunywa huwa ya chumvi, si kwa hoteli tu bali pia kwa kijiji kilicho jirani. Mashimo ya maji machafu katika ardhi ya matumbawe huvuja kwa urahisi kuelekea visima na baharini.

## Katika maziwa

Neno hutumika pia kwa ardhi ya kando ya Ziwa Viktoria, Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Huko hakuna kupwa na kujaa kwa kiasi cha bahari, lakini usawa wa maji hupanda na kushuka kwa miaka kulingana na mvua. Ardhi iliyokaa kavu kwa muda mrefu inaweza kurudiwa na ziwa. Nchini Tanzania masharti ya mita 60 yanahusu kingo za maziwa pia, na mialo ina umuhimu uleule ambao madiko yanao baharini.

## Tazama pia

* Pwani
* Kupwa na kujaa
* Mwambao
* Mkoko
* Mwani
* Matumbawe
* Haki ya ardhi